Miti ya Mpakani

Simu ilipolia, Kagure alikuwa katikati ya kubishania mkungu wa ndizi pale sokoni Mukurweini, kwa hiyo hakuipokea. Mkungu ulikuwa mzuri na mkulima aliyeuleta alijua ni mzuri. Ndiyo maana Kagure aliushika kwa mkono mmoja tu, kama mtu aliyeokota kitu asichokihitaji.

"Hii itaiva upande mmoja," alisema.

"Mama Beth! Haijaiva hata kidole kimoja, wewe unajuaje itaiva upande gani?"

"Miaka thelathini naangalia ndizi. Zinaniambia."

Mkulima akacheka, na mtu akishacheka bei hushuka. Kagure akaupata mkungu, akaupakia, ndipo akaangalia simu. Mukami alikuwa amepiga mara tatu. Mukami ni msichana wa ofisi ya ukaguzi wa miti mjini Nyeri, na si mtu wa kupigapiga simu ovyo.

"Mama, rejista imewakataa."

"Imekataa nani?"

"Kundi lenu. Miti mia sita na kumi na mmoja imeandikwa mara mbili. Kuna kundi ingine iko na miti hiyo hiyo. Msiposahihisha mpaka Ijumaa saa sita mchana, mradi unatolewa. Yenu na yao."

Ilikuwa Jumanne.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini Kagure aliacha ndizi zake mikononi mwa binti yake Beth akapanda bodaboda saa ile ile, ni lazima ajue miaka mitatu iliyotangulia. Huyu ni mwanamke aliyeanza na beseni moja la ndizi kando ya barabara, akanunua shamba nusu ekari kwa nusu ekari, na katika maisha yake hajawahi kununua kitu bila kukigeuza aone chini yake. Siku mtu wa kampuni alipokuja kuwaambia wakulima kwamba kuna wanunuzi wa hewa ambayo miti inasafisha, wengi walicheka. Wengine walitaka kutia sahihi kabla ya chai kupoa. Kagure aliuliza swali moja: "Huyo mnunuzi, moshi wake unatoka wapi?"

Ikabidi yule mtu aeleze. Kuna viwanda vimeahidi kwamba ukifika mwaka fulani, moshi vinaoutoa na moshi unaomezwa vitakuwa sawasawa. Vinapunguza moshi kwanza kadiri vinavyoweza. Ule unaobaki, vinamlipa mtu mwenye miti inayoumeza. Nchi nazo zimetoa ahadi kama hiyo. Kagure akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo wako na tarehe." Akajua papo hapo kwamba mtu mwenye tarehe hununua kwa haraka, na akayapandisha masharti ya mkataba mara mbili kabla ya mkutano kuvunjika.

Wakulima mia moja na arobaini waliingia kwenye kundi kwa neno lake. Aliwaambia wasikate mikima, ile miti mirefu ya mbao ambayo kila shamba la huko limezungushiwa. Miaka mitatu hawakukata. Lakini sasa ilikuwa Januari, karo za shule zilikuwa mlangoni, na Jumapili iliyopita baada ya kanisa wanachama walikuwa wamesema wazi: karatasi ya rejista ya kuwafungulia malipo isipotoka wiki hii, Jumamosi Miriti anaingia. Miriti ni mnunuzi wa mbao kutoka Chuka. Ana lori na ana msumeno wa petroli, na hachelewi.

Mukami alimfungulia ramani kwenye kompyuta. Kila mti ulikuwa nukta ya kijani. Katikati ya zile za kijani zilikuwapo nyekundu, zimejipanga kwenye mistari iliyonyooka kama mshono wa nguo.

"Sistimu inasema labda ni udanganyifu," Mukami alisema kwa upole.

Kagure alisogeza kiti. Aliangalia mistari ile kwa muda mfupi tu, kisha akapiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Udanganyifu gani! Hiyo ni mipaka!"

"Mipaka?"

"Msichana wangu, mkima unapandwa mpakani. Mwenzetu Wangui amesimama kwake akahesabu mti. Jirani yake amesimama kwake akahesabu huo huo. Nani kwetu atasema mti wa mpakani si wangu? Hata mimi nilihesabu!"

Mukami akaanza kueleza polepole, kama alivyofundishwa, kwamba zamani kila kundi lilikuwa na daftari lake na kila mnunuzi na lake, tani moja ya moshi uliomezwa na miti ikawa inauzwa hapa na kule, na nchi nayo ikiihesabu ni yake. Moshi ukabaki pale pale angani huku kila mtu akijisifu ameusafisha. Sasa sheria zinasukwa pamoja. Miradi yote inaandikwa kwenye rejista moja ya taifa, na tani ikiuzwa nje inaondolewa kwenye hesabu ya nyumbani, na rejista ya kule inaonyesha imepokea.

"Ngoja, ngoja." Kagure alikuwa amesimama. "Hiyo ni sesi!"

"Sesi?"

"Mimi nimepeleka ndizi kaunti ingine. Nimelipa sesi, ule ushuru wa mazao, kizuizi cha kwanza, nikapewa risiti. Kizuizi cha pili wanaangalia risiti wanasema hiyo si yetu, lipa tena. Ndizi ni zile zile! Nimelia miaka mingapi nikisema hawa watu waongee, wawe na risiti moja? Na nyinyi mmefanya hivyo na hewa?"

"Ee... tunaweza kusema hivyo, Mama."

"Basi hii kitu ni ya kweli." Macho yake yalikuwa yanawaka. Miaka mitatu alikuwa ameshikilia biashara hii kwa kucha, akiwaahidi watu kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa na uhakika nacho asilimia mia. Rejista inayoweza kumkatalia mti uliohesabiwa mara mbili ni rejista ambayo mnunuzi anaweza kuiamini. Na mnunuzi akiamini, bei haiyumbi. "Ile kundi ingine ni ya nani?"

Mukami akasoma jina. Kagure akacheka kwa sauti mpaka watu wa ofisi ya pili wakachungulia.

Lilikuwa kundi la Ngatia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ngatia wa kahawa, ambaye hawajawahi kukubaliana naye hata juu ya saa.

Alimkuta jioni hiyo akigeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia. Hakuinua kichwa.

"Mama Beth. Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kukuokoa. Na wewe umepigiwa simu."

"Nimepigiwa. Ni rahisi. Watu wako waache miti ya mpakani, sisi tuendelee."

"Ama wako waache."

"Ama tukae hapa mpaka Ijumaa," Ngatia alisema, akachagua punje mbovu akaitupa kwa kuku.

Kagure alivuta kiroba akakikalia. Alijua asipotangulia kutaja bei, huyu mzee angekaa kimya mpaka giza. "Itoka," alisema.

Ngatia akainua kichwa.

Itoka ni ua lenye majani mapana ambalo wazee wa huko walilipanda kuonyesha mpaka. Ukuta hubomolewa, seng'enge hukatwa, lakini hakuna anayeng'oa itoka akalala salama, na likifyekwa linachipua tena pale pale.

"Tufuate itoka," Kagure aliendelea. "Mti ukiwa upande wangu, ni wangu. Ukiwa upande wako, wako. Wenyeji wawili wanatia sahihi wakiwa wamesimama hapo, tunapiga picha, tunapima, inaingia kwa rejista mara moja. Kwisha."

"Na ukiwa juu ya itoka kabisa?"

"Mmoja wako, unaofuata wangu."

Ngatia alipangusa mikono taratibu. Kagure hakuipenda ile taratibu.

"Nakubali. Lakini tunaanza na mpaka wetu sisi wawili. Kesho asubuhi. Na watu wote wakiangalia."

Asubuhi walijaa. Watu sitini hivi, wa makundi yote mawili, na Mukami na simu yake na tepu ya kupimia. Mpaka wenyewe ulikuwa umemezwa na nyasi za ng'ombe, hakuna itoka lililoonekana. Wamae, mzee mbishi kuliko wote katika kundi la Kagure, alisimama pembeni ameikumbatia fimbo yake. Alikuwa ameshasema kwamba miti yake haipimwi na ua.

Ngatia alishika panga mwenyewe. Akafyeka akielekea chini, na itoka likaanza kutokea, moja, jingine, mstari ulionyooka. Halafu mstari ukakunja. Ukaingia upande wa Kagure hatua tatu nzima, ukapita nyuma ya mikima kumi na mmoja, mikubwa kuliko yote shambani, ikabaki upande wa Ngatia.

Watu wakasogea karibu waone.

Miti ile aliipanda Kagure kwa mikono yake mwaka aliponunua kipande kile, nyasi zikiwa zimeshafunika kila kitu. Akaimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Na Ngatia alijua siku zote. Alikuwa amenyamaza miaka kumi na minane, akiiacha inenepe.

"Haiya," mtu alisema. "Mama Beth amelimia watu."

Vicheko vikapita. Kagure alihisi masikio yakipata moto. Angeweza kusema itoka limesogea, na angepata wa kumtetea. Angeweza kuitisha ramani ya serikali, na ramani ingechukua miezi. Aliangalia ile miti kumi na mmoja. Akamwangalia Wamae, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu, maana mwenye kutunga sharti akilivunja, Wamae yuko huru. Na nyuma ya Wamae kulikuwa na mipaka mingine arobaini na sita.

Kumi na mmoja, kwa mia sita. Hesabu ile haikuhitaji kidole.

"Mukami," aliita, sauti imenyooka. "Njoo na tepu. Kumi na mmoja, ya Ngatia. Mimi natia sahihi."

"Mama Beth, una uhakika?" Ngatia mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Itoka liko na uhakika. Lakini maji niliyobeba kwa kichwa, Ngatia, hiyo utanilipa na kazi. Leo na kesho unatembea na mimi kila mpaka, na watu wako wakikataa kutia sahihi ni wewe unaongea nao. Sio mimi."

Watu wakapiga makofi. Ngatia akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi akapewa mzigo aubebe. Ndipo Kagure akageuka. "Mzee Wamae, wewe ni wa pili. Ama unaogopa ua?"

"Mimi niogope ua!" Wamae alifoka, na akatangulia na fimbo yake.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa. Waligawanyika vikosi vinne. Jumatano nzima na Alhamisi nzima mapanga yalifyeka, itoka likichomoza kwenye mashamba ambayo watu walishasahau kama lipo, na kila lilipotokea kelele zilipanda kama mpira umeingia goli. Tepu ilizungushwa kwenye mti usawa wa kifua, mmoja akitaja, mwingine akirudia, Mukami au mwenzake wa ofisini akipiga picha. Wangui alipata miti mitano asiyoijua akacheza pale pale. Ndugu wawili wasiosalimiana tangu mazishi ya baba yao walilazimika kusimama bega kwa bega ili picha iwatoshe. Ngatia, kwa haki yake, alifanya kazi. Mtu wake mmoja alipogoma, alimwambia, "Mimi Mama Beth amenipatia kumi na mmoja bila kelele. Wewe unalilia mmoja?" Kagure alisikia, akajifanya hajasikia.

Ijumaa saa nne walikuwa na miti mia tano na themanini. Saa tano na robo, mia sita na tisa. Miwili ya mwisho ilikuwa juu ya itoka kabisa, ng'ambo ya kijito, na Kagure alivuka maji na viatu vyake vya kanisani.

Saa tano na dakika hamsini Mukami aliinua simu juu watu wote waione. Nukta zilikuwa zinabadilika, nyekundu moja moja ikigeuka kijani, mstari baada ya mstari, mpaka mishono yote ikatoweka. Kundi la Kagure, limekubaliwa. Kundi la Ngatia, limekubaliwa. Kila mti mara moja. Kelele zilizopigwa pale ziliwafanya mbwa wa kijiji kizima kubweka.

Jumamosi asubuhi lori la Miriti lilifika hata hivyo, msumeno ukining'inia nyuma. Alimkuta Kagure ameketi juu ya jiwe mlangoni, anakunywa chai.

"Naambiwa hakuna mti," Miriti alisema.

"Hakuna. Matawi ya kupogoa yatakuwepo mwezi wa nne, tutaongea. Mti hapana."

"Nimechoma dizeli kutoka Chuka, Mama! Nirudi tupu?"

Kagure akapuliza chai yake. "Unarudia njia ya Kerugoya?"

"Ndiyo."

"Kerugoya leo ni soko, na mimi niko na mikungu sitini hapo ndani. Kwa kuwa unarudi tupu, utanibebea nusu bei."

Miriti alifungua mdomo, akaangalia lori lake, akaangalia ndizi. Kisha akacheka.

Bei ikashuka tena kidogo. Msumeno ukasukumwa chini ya kiti cha dereva, na ndizi zikaanza kupanda.