Ishbel, fundi anayezitosa kilti ndooni kabla ya kumvisha mtu

Saa moja asubuhi manyunyu yanaanguka kwenye ufuko wa ziwa Awe, na visubi wameshaamka kabla ya watu. Ishbel Rankine, mwenye umri wa miaka 58, anaitosa kilti ya sufu, sketi ya marinda wanayovaa hata wanaume wa huku, kwenye ndoo mbele ya banda lake, anaikandamiza kwa ngumi mpaka inywe maji ya kutosha, kisha anampa mwenyewe aishike.

Mwenyewe ni kijana aliyetoka Glasgow na kilti aliyoolea, anataka kuivaa kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia. Anaipokea kwa mkono mmoja, na mkono unashuka.

"Lo! Mbona nzito hivi?"

"Na hapo uko nchi kavu, bwana," Ishbel anamjibu. "Hiyo kacheze nayo ngoma. Majini utavaa hii."

Anamtolea ya kitambaa chepesi cha nailoni, yenye marinda machache, inayoishia juu ya goti. Kiunoni haina mikanda ya ngozi, ina kibano cha plastiki kinachofunguka kwa kidole kimoja. Anaikodisha kwa pauni 12 kwa siku pamoja na kaptura ya ndani, "maana upepo wa huku hauna adabu."

Wengi hununa. Mwanamume wa hapa amezoea yadi nane za sufu, na nailoni anaiona ni vazi la kuchekesha watalii. Kijijini wamembandika jina la Mama Plastiki. Kiangazi chema humwingizia pauni elfu tisa hivi. Majira ya baridi hushona mapazia ya watu.

Jina lenyewe lingemchekesha kama si jambo moja. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa fundi wa kilti za sufu tupu, na hakuna aliyeidharau nailoni kama yeye.

Kila Agosti vijiji vya ziwani hushindana kwa vyelezo vya mapipa, wapiga kasia wote wamevaa kilti. Mwaka ule kaka yake, Coll, seremala, alikuja na ya nailoni. Ishbel alimcheka mbele ya watu.

"Nilimwambia, ukivaa tambara hilo usiseme sisi ni ndugu," anasimulia, macho ameyainamisha. "Nikampa ya marehemu baba. Nikamfunga mwenyewe, mikanda yote mitatu, nikaikaza."

Chelezo kilipinduka katikati ya ziwa. Sufu ikanywa maji, ngozi ya mikanda ikavimba, Coll akashindwa kuifungua. Alipovutwa nje alikuwa hapumui. Walimrudishia pumzi, Mungu ni mkubwa, lakini kifua chake hakijawa kile cha zamani, na yeye aliyekulia ziwani hajakanyaga ufuko tena.

"Hajanilaumu hata siku moja," anasema Ishbel. "Angenitukana, afadhali. Najuta, jamani. Najuta kila nikishika sindano."

Saa nne gari linasimama juu barabarani. Ni Coll, na hashuki. Anayeteremka ni bintiye, Una, mwenye miaka 17, ambaye Jumamosi atapiga kasia kwenye mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Anaitazama nailoni na kukunja uso.

"Shangazi, tambara hilo? Wasichana wa kijiji cha Dalmally watanicheka mpaka wazimie."

Ishbel anampima kiuno. "Wacha wacheke."

"Lakini ya sufu ndiyo ya ukoo! Na mimi nina nguvu."

"Baba yako alikuwa na nguvu kukushinda."

Una anashusha pumzi. "Haya, yaishe. Kwanza baba keshasema nivae utakachonichagulia wewe. Nilitaka kumuuliza kocha, baba akakataa katakata. Eti hakuna anayelijua jambo hili kuliko wewe."

Ishbel anageuka upesi, anajifanya anatafuta saizi. Anachelewa kugeukia huku. Akirudi, anamfunga msichana, anamwambia afumbe macho na kufungua kibano, tena na tena, mpaka anaridhika.

Honi inalia juu. "Mmemaliza, au mnafuma kitambaa upya?" Coll anapaza sauti.

"Shuka basi uone, mvivu wee!" Ishbel anamjibu.

Coll anacheka, anapunga mkono, anabaki ndani ya gari. Una anapanda, wanaondoka.

Ishbel anaitazama barabara kwa muda. Amekwisha kusema na mafundi, anaeleza, na akiba ya kuwalipa anayo.

"Mwezi wa kumi nitaling'oa banda hili nilisimamishe kule juu, kando ya barabara, mlango uelekee mlimani," anasema. "Wateja watashuka kwa miguu, wanung'unike wakitaka. Nataka kaka yangu aingie, akae, anywe chai kwangu bila kuyaona maji."