Kinda Lililonyweshwa Maziwa ya Ngamia

Kabale hakuwa na ng'ombe tena, lakini jina alikuwa nalo. Kule kijijini kwao Kinna, kabla ukame haujalifagia zizi lake, ndama aliyefiwa na mama yake hakupelekwa kwa mtu mwingine. Kabale alichovya kidole kwenye maziwa, akakitia kinywani mwa mnyama, na mnyama akanyonya akapona. Siku hizi aliuza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo. Tangu serikali ya kaunti ije, vyumba vya kupanga vilikuwa vimeota kama uyoga mtaani Bulla Pesa, naye aliishi katika kimojawapo. Hata huko mjini watu walimwita mama wa mayatima. Mtu aliyepoteza mali yote huing'ang'ania sifa kama hiyo kwa meno na kucha.

Kwa hiyo paka wa ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga, alipomkamata njiwa, na kinda lake likabaki likilia chini ya mabati, hakuna aliyeuliza litalelewa na nani.

Gladys, jirani yake Mmeru aliyefuga kuku nyuma ya ploti, alikuja kutazama. Alimweleza kwa adabu kwamba ndege hanyonyeshwi. Unga wa wimbi uchanganywe na maji ya uvuguvugu, apewe kidogo kidogo. Kabale akacheka. Kwao kuku hakuhesabiwa mfugo, na wazee wake hawakumweka hata mdomoni.

"Gladys, wewe ni mtu wa kuku," alimwambia. "Mambo ya yatima wachia mimi."

Gladys akaenda zake bila kununa.

Kinda halikunyonya kidole. Lingenyonyaje, na mdomo wenyewe ni mfupa mtupu? Kabale aliliona hilo kwa macho yake, lakini badala ya kuuliza, alilipanua mdomo akadondosha maziwa. Likapaliwa. Akadondosha tena. Jioni kifuko cha chini ya koo kilikuwa kimevimba, na asubuhi kilitoa harufu ya maziwa yaliyoharibika, harufu isiyoweza kumpita mchuuzi wa maziwa. Mlango wa Gladys ulikuwa pale pale, unatazamana na wake. Kabale alisimama, akajifunga leso, kisha akaketi tena. Angeanzia wapi? Ulimi uliotoka kumcheka mtu huwa mzito kumwomba. Alipokuwa bado anajishauri, kinda lilimfia mkononi, tone jeupe likiwa limekauka mdomoni.

Alilifukia nyuma ya ploti akiangalia huku na huku kama mwizi. Gladys alipouliza habari za kinda, alimjibu kwamba limeota mabawa, limeruka.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huu ulipata mtu mwema wa kuubeba. Kwenye foleni ya maji Gladys alisimulia jinsi yeye alivyokosea na jinsi Kabale, au Mama Godana kama walivyozoea kumwita, alivyojua. Wanawake wakampongeza Kabale. Kila pongezi ilimchoma moyoni, akawa anainamisha kichwa tu, nao wakasema mama huyu ana unyenyekevu. Aliona haya mpaka akaanza kuteka maji wakati foleni imeisha.

Kisha Mulki mwenye duka akabadilisha mabati, mafundi wakavunja kiota. Alifika uani kwa Kabale amebeba kinda jingine ndani ya kofia, na majirani wakamfuata.

"Salaam aleikum, Mama Godana," alisema. "Huyu ni wako."

Gladys naye alikuwa amekuja, na kikombe mkononi. Aliomba apimiwe yale maziwa, ampe ndege yeye mwenyewe, ili naye ajifunze.

Kabale alikitazama kile kikombe. Uso ulimwaka moto. Angeweza kusema maziwa yamekwisha, na watu hawa wangemwamini. Lakini kinda lilikuwa limefungua mdomo wake mkavu, likisubiri.

"Huyo wa kwanza hakuruka," alisema. "Nilimuua mimi, kwa maziwa. Gladys aliniambia, nikamcheka. Alafu nikamdanganya."

Mwanamke mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kabale alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Isiolo, hata ikipasuka kwa kiangazi, haimezi mtu.

"Nifundishe," alimwambia Gladys, bila kumtazama.

Gladys alikiweka kikombe chini, akaenda kwake, akarudi na uji mzito wa wimbi. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Kabale kuliko matusi. Aliketi karibu naye, akamwonyesha namna ya kushika kichwa na kuugusa mdomo pembeni. Kinda likameza. Kabale alimlisha polepole mpaka akashiba akalala mapajani pake.

Mulki alichukua kofia yake, akajitayarisha kuondoka. Kinda lilikuwa limelala pale pale kwa Kabale, lakini Mulki alimgeukia jirani yake.

"Gladys," alisema, "nitapita kwako kesho kuuliza vile anaendelea."