Baba Divine alitaka binti yake asome chuo cha mawe

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii siyo chai, nilikuwepo mwenyewe. Moyo wangu haujatulia mpaka leo, ndiyo maana nimeona nije niseme hapa.

Mimi Mtanzania, nasoma Masters ya Education hapa Sydney. Nimepanga Kensington, Waafrika wanne bafu moja, hayo tuyaache.

Nasali na familia moja ya Warundi wanaokaa Macquarie Fields. Baba yao tunamwita Baba Divine. Alikuwa mwalimu kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, siku hizi anafanya aged care, kutunza wazee. Binti yake Divine kamaliza high school, anataka nursing.

Sasa kanisani kwetu mtoto akipata chuo, baba anasimama mbele anatangaza. Vigelegele vinapigwa, halafu mtu lazima aulize, "Chuo gani?" Hapo kwenye chuo gani ndipo watu wanapimana, msione tunaimba haleluya.

Divine alichagua chuo kipya upande wa magharibi, karibu na hospitali ya Westmead. Baba akataka abadilishe, aweke kile cha zamani chenye majengo ya mawe na matao. Jumamosi akaniita nimweke sawa mtoto. Mwisho wa kubadilisha preferences, yaani orodha ya vyuo anavyoomba, ulikuwa kesho yake.

Nikakuta ugali na ndagala, dagaa za kwao, vimepoa mezani, hakuna anayekula.

"Bon, wewe uko msomi," Baba Divine akaniambia. "Mwambie huyu. Université ya kweli iko na mawe. Ile yake iko kama ofisi ya bima. Ni ya juzi!"

Divine akanigeukia. "Uncle, I'll be in the hospital from first year. Old walls won't teach me to find a vein."

Nikabanwa wakuu. Nikimuunga mkono binti, namvunjia mzee heshima nyumbani kwake. Nikimuunga mkono mzee, binti anakosa anachokitaka maisha yake yote. Nikawa nahangaika pale sebuleni kama kuku anayetaka kutaga.

Bahati wiki ile nilikuwa na assignment ya jinsi vyuo vikuu vya Uingereza vilivyoanza. Nikaanza kuhadithia, kusema kweli nilikuwa navuta muda tu.

Nikasema, mzee, hata Oxford haikuanza na mawe. Walikuwa walimu na wanafunzi kwenye vyumba vya kupanga. Wakagombana na wenyeji, wanafunzi wengine wakanyongwa, waliobaki wakakimbia.

Baba Divine akainua kichwa. "Wakakimbia? Walikuwa réfugiés?"

"Ni kama hivyo, mzee. Baadhi yao wakaenda mji mwingine, Cambridge, wakaanza upya."

"Walirudi?"

"Wengine walirudi mambo yalipotulia. Wengine walibaki, na chuo kikakua hapo."

Akaitazama sahani ya ugali. Nikajua mawazo yake yamefika Kigoma.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Na wao, kisha kupata chuo yao, walikaribisha wengine?"

Ningeweza kupindisha. Nikamwambia ukweli: hapana. Pale England vile viwili vilizuia vingine kwa karne nyingi. Baadaye miji ya viwanda ilipojenga vyake vya matofali, watu wakavicheka. Leo watoto wa dunia nzima wanavigombania.

Baba Divine akacheka kidogo, cheko lisilo na raha.

"Kumbe mukimbizi akipata nyumba, na yeye anafunga mlango."

Divine alikuwa ameshika simu. "So Dad, do I change it?"

"Acha hivyo hivyo. Kula."

Kwangu funzo ni kwamba kabla hujadharau kitu kwa sababu ni cha juzi, kumbuka na wewe uliwahi kuwa wa juzi mahali. Ila wakuu, sina amani. Binti akikwama huko, jina litakaloitwa ni langu.

Offer ilipotoka, Baba Divine alisimama kanisani na suti yake ya kijivu. Akatangaza. Mama mmoja akauliza, "Chuo gani?" Akakitaja.

Vigelegele havikupigwa. Wengi hawakukijua.

Nilitamani sakafu inimeze. Baba Divine akatutazama wote, kisha akaanza kupiga makofi mwenyewe, peke yake, mpaka tukaona aibu tukajiunga.

Wenye watoto huko ughaibuni, nyie mngemwambiaje yule mzee? Nasoma comments zote, hata za kunichana.