Punje Tatu za Partiamo

Kiitaliano nilijifunzia juu ya karai la mahindi, nyumbani kwetu mtaa wa Munyaka, na mwalimu wangu wa pili alikuwa mama yangu, ambaye hajui hata salamu ya lugha hiyo. Mwalimu wa kwanza, mwanamke mmoja aliyetufundisha mjini, alitaka tukate kila kitenzi silabi kwa silabi kabla ya kukitamka. Ulimi wangu umezoea silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo neno partiamo, lenye silabi tatu, par-tia-mo, mimi nililitoa na tano: pa-ri-ti-a-mo. Darasa zima likacheka. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, nikaapa sitachekwa tena.

Mama ndiye aliyebuni dawa. Tukipukuchua mahindi, mimi natamka, yeye anaangusha punje moja kwenye kikombe cha bati kwa kila silabi anayosikia.

"Nimesikia tano," alisema. "Rudia."

Nikarudia mpaka zikawa tatu. Silabi ya kukazia ilipewa punje kubwa. Ila alikuwa na sharti lake, kwamba nimwambie kwanza maana ya kila neno.

"Siwezi hesabu kitu sijui," alisema. "Hiyo partire ni nini?"

Ni kuondoka, na partiamo ni tunaondoka. Lakini nilikuwa nimemwambia kwamba kozi ni ya kupata kazi ya hoteli hapa hapa Eldoret. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kutunza wazee Italia, nikipita mtihani wa kuzungumza. Baba alishafariki, na nyumbani tulibaki wawili tu. Ningeenda kuwaogesha mama za watu, wangu nimemwacha na ng'ombe mmoja na goti lisilokunjika. Nilikuwa nimejaribu kumwambia zaidi ya mara moja, nikaishia kuuliza kama chumvi imeisha.

"Ni kupika, Mama," nikajibu.

Tangu hapo macho yalinikimbilia mlangoni kila tulipofika kwenye kitenzi kile. Parto, punje mbili. Parti, mbili. Partono, tatu, ile kubwa ikitangulia. Mama alihesabu kwa bidii, akishangaa watu gani hawa wanaopika kutwa nzima. Niliogopa kufeli, na niliogopa zaidi kupita. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa yangu niliuona kila asubuhi nikimwaga punje kutoka kwenye kile kikombe.

Matokeo ya mtihani yalikuja kwa simu Alhamisi mchana, Mama akiwa kwenye ushirika wa akina mama wa kanisa. Nilikuwa nimepita. Nilikaa jikoni nikipanga sentensi ya kwanza na kuipangua.

Aliingia akichechemea, akaniwekea mapajani sweta nzito iliyofumwa kwa mkono.

"Akina mama ndio wamefuma," alisema. "Tumeombea safari yako wiki tatu sasa. Wanasema huko kuna baridi mbaya."

Nililia kwa aibu. Kisha nikamuuliza nani alimwambia.

"Ni wewe," alisema, akivuta karai na kuchukua hindi. "Hiyo neno yako ya kupika, kila ukisema unaangalia mlango. Sasa nani hupika akiangalia mlango?"