Fundi Rangi Aliyeitwa Siku za Kazi

Habari ilimfikia akiwa na pasi mkononi. Wifi yake alipiga simu saa saba mchana, sauti imemkauka, akasema, "Wifi, kaka yako ametutoka. Alikaa kitini baada ya chakula, basi, hakuamka tena."

Na dobi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwombaji anayesifika kanisa zima, mwenye aya ya faraja kwa kila mfiwa, akafungua kinywa akasema, "Umeangalia chaji?"

"Wifi," mjane akasema taratibu, "si mgongo. Ni moyo."

Kola ya shati la mteja ikaungua hapo hapo mezani, naye akaitazama tu inavyofuka moshi.

Kaka yake alikuwa fundi rangi. Miaka kumi na mitano kabla ya siku hiyo, ngazi iliteleza kwenye sakafu yenye maji, akaanguka chali. Alipasuliwa mara mbili. Mifupa ilipona, maumivu hayakupewa taarifa. Yaliteremka kutoka kiunoni mpaka kisiginoni kama waya wa moto, mchana na usiku, ikawa anakula amesimama na kusali amelala.

Dobi hakuona waya wowote. Aliona mwanamume mzima kalala kitandani saa nne asubuhi. Yeye husimama kutwa mbele ya meza ya pasi na kiuno kinamuuma, amemlilia nani? Basi akajipa udaktari. Alimkanda kwa maji ya chumvi. Alimletea mkanda wa kiunoni uliombana hata kupumua ikawa kwa zamu. Tiba zake zote ziliposhindwa, akaugundua ugonjwa: uvivu. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka ugunduzi kabatini, aliutangaza kwenye kikao cha ukoo.

"Mgongo wenyewe," alisema, "unauma siku za kazi tu!"

Watu walicheka, baba mdogo akajifuta machozi. Kaka mtu, aliyekuwa amejiegemeza ukutani nyuma, alicheka kidogo pia, kisha akatoka akiburuta mguu. Tangu siku hiyo jina likamganda. Hata watoto walimwamkia, "Shikamoo, Siku za Kazi."

Mwaka wa kumi na moja tangu ajali, daktari wa maumivu alimweleza habari ya kifaa kinachopandikizwa mwilini. "Hakitauponya mgongo," alisema. "Kitapeleka umeme mdogo kwenye neva za uti wa mgongo, ili taarifa ya maumivu isifike kichwani na nguvu zake zote. Tutakijaribu kwanza kwa wiki moja. Kikikufaa, tunakiweka ndani." Mume na mke wakakubaliana wasimwambie dobi mpaka waone mwisho wake. Walimjua.

Wao hawakujua kwamba wiki hiyo hiyo dobi alikuwa amefunga siku tatu kumwombea. Jumapili kaka yake akaingia kanisani, akaketi kwenye benchi ibada nzima, miguu imetulia. Dobi hakungoja kuuliza. Alisimama akashuhudia kwa dakika ishirini: kufunga, machozi, mgongo mpya! Aliiliza kwaya. Alijiliza na yeye.

Waliporudi nyumbani, kaka aliinua shati. Nyaya mbili nyembamba zilitoka chini ya bandeji mgongoni zikaingia kwenye kiboksi kilichofungwa kiunoni.

"Nini hiki?"

"Ndicho ulichokuwa unakishuhudia."

"Mungu wangu! Na wewe ukanyamaza?"

"Ningeipata wapi nafasi? Mchungaji mwenyewe hakuipata."

Wifi alikimbilia jikoni ili acheke vizuri. Kaka akashusha shati, na uso wake ukabadilika.

"Ushuhuda wako sina ugomvi nao, mdogo wangu. Daktari naye katoka kwa Mungu. Ila fikiri: kama umeme wa siku chache umeniketisha kwenye benchi, basi miaka yote ile sikuwa nadanganya. Uliyasema yale mbele ya ukoo. Siku moja nisafishe mbele ya ukoo."

"Kikao kijacho," dobi akaapa.

Kikao kijacho aliugua mafua. Kilichofuata alijitolea kupika chai, akajifungia jikoni na masufuria mpaka watu walipoaga. Cha tatu alifika, akasimama, akakohoa, akatoa shukrani kwa waandalizi, akakaa. Mwanamke aliyeweza kumkemea shetani kwa kipaza sauti alishindwa kusema "nilikosea" mbele ya shangazi wanne.

Kifaa chenyewe kiliwekwa chini ya ngozi, juu kidogo ya tako, ukubwa wa kiberiti. Maumivu hayakuisha, ila yaliacha kupiga kelele yakawa yananong'ona. Kaka alirudi kazini, kuta fupi na milango tu. Kila Jumamosi alivaa mkanda wa kuchajia, akakaa saa nzima karibu na soketi, na dobi hakukosa kutokea saa hiyo na Biblia yake.

"Umeniotea," kaka alimwambia. "Unamhubiria mtu aliyefungwa ukutani."

"Wewe chajiwa, acha maneno."

"Kikao kipi, mdogo wangu?"

Hapo dobi alifumba macho akaanza kuomba. Sala zake ndefu kuliko zote zilitokana na swali hilo. Miaka minne ikapita hivyo.

Siku ya pili ya msiba wifi alimpa daftari. "Andika wasifu wewe, una mwandiko mzuri." Dobi akajaza kurasa mbili: kuzaliwa, shule, ufundi, ndoa, ajali, "akavumilia kwa saburi." Wifi alisoma mpaka hapo, akaweka kidole.

"Alivumilia nini?"

"Maumivu."

"Maumivu tu?"

Uso ukamshuka dobi. Akalivuta daftari kwake, wala wifi hakuuliza tena.

Siku ya mazishi, kanisani, aliusoma wasifu vizuri mpaka kwenye ajali. Kisha akalifunga daftari.

"Jina la Siku za Kazi nililitoa mimi," alisema. "Niliwachekesha nanyi mkacheka. Kaka yangu hakuwa mvivu wala mwongo. Aliumwa siku zote, Jumapili zikiwemo. Aliniomba niseme haya akiwa anasikia, nikaona haya miaka minne. Namwomba Mungu anisamehe. Wifi, wanangu, nisameheni."

Alihisi mahubiri yanampanda kooni, ya dakika ishirini kamili, yenye machozi mahali pake. Akayameza, akaenda kukaa.

"Hata mimi nilicheka," baba mdogo akasema kwa sauti kutoka benchi la mbele. "Mungu anisamehe nami." Nyuma yake mtu mwingine akaitikia, kisha mwingine.

Wifi akasogea, akampa dobi nafasi ya kukaa karibu naye.

Walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja. Dobi aliushika mkono wa kaka yake, uliokuwa baridi, akasema, "Kwaheri, kaka." Kifuniko kikafungwa. Wanaume sita walimbeba mpaka makaburini. Mchungaji alisoma, wakaomba, jeneza likateremshwa. Wifi alitia udongo wa kwanza, wakafuata watoto, kisha dobi. Kaburi lilijazwa, maua yakawekwa. Saa kumi watu walianza kuondoka, na dobi alimshika wifi mkono wakarudi nyumbani.