Dumu la Formalini

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya Musoma nilipewa kipande cha ini kisichozidi punje ya mchele, nikakitia kwenye maji safi. Mkuu wa Maabara alikunja uso. "Kwenye maji kinaoza. Formalini, kijana. Ini lililooza halisemi kitu." Maneno hayo nimeyarudia kwa watu mpaka koo likakauka.

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza mazungumzo. Seli ya ini haikui hovyo. Ujumbe, tunaouita ishara, unagonga kwenye kipokezi, ndio mlango wa seli, kisha protini zinapokezana habari hadi kwenye kiini: sasa gawanyika, sasa acha. Katika saratani, mara nyingine protini moja, betakatenini, inagoma kuondoka. Inajazana kwenye kiini na kuendelea kuamrisha ukuaji wakati mlangoni hakuna aliyegonga. Ukipaka rangi maalumu unaiona, ila nyama iwe haijaoza.

Nilipohamishiwa Bunda ndipo nilipochoka kabisa. Vipande vililetwa kwenye chupa za soda, na kimoja kwenye gongo. Nikilalamika, Mganga Mfawidhi ananijibu, "Wewe nawe na ishara zako. Andika saratani, yaishe." Nilifoka kutwa nzima, na sikuona aibu.

Halafu akaja Mzee Magesa, mkulima wa mihogo kutoka Kisorya. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo, na madaktari wa Mwanza walitaka kwanza kipande chake ndipo wampasue. Tukamchoma sindano ya kutolea kipande, kikasafirishwa. Majibu yakarudi: kimeoza, hakisomeki.

Nilimvaa muuguzi aliyekipokea. "Nani alikufundisha kutumia maji ya dripu?"

Hakubishana. Alifungua daftari la stoo. "Kabati lilikuwa tupu, kaka. Dumu la mwisho ulichukuaga mwenyewe, ule msiba wa mama."

Ni kweli. Nyumbani Butiama waligoma kumzika mama kabla mdogo wangu, kitindamimba wake, hajafika, naye kila siku alikuwa anakuja kesho. Nikachukua dumu ili mwili usiharibike, nikaahidi kuleta jingine. Sikuleta.

Mzee Magesa alikataa sindano ya pili. "Ile nyama mliifanyaga nini?"

Nikamwambia iliharibikia njiani.

Akanishika mkono. "Basi usijisumbue, mwanangu. Barabara ya huku tunaijua."

Hakupasuliwa. Alirudi Kisorya na kufia huko, nami nikaendelea kuwafokea watu kuhusu formalini kama kawaida.

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara huja kuniuliza njia za ishara, nawaeleza, na wakiandika ovyo bado nawakaripia. Majuzi binti mmoja kati yao alibaki wenzake walipoondoka. Akasema yeye ni mjukuu wa Mzee Magesa, na kwamba babu aliwaambia nilihangaika sana na kile kipande chake. Alikuja kunishukuru.

Nilimvutia kiti, nikamweleza habari ya dumu.