Anayeshindilia Haitikii

Baruti ya siku hizi inanuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ya baba yangu ilinuka mayai viza. Hazifanani hata kidogo, lakini siku ile harufu ilipopenya chini ya mlango wa gereji, hapa Ingleburn, ng'ambo tulikohamia, mgongo ulinisisimka kabla sijajua kwa nini.

Ilikuwa wakati wa korona, tumefungiwa. Kuvuka kilomita tano marufuku, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu sisi wahamiaji wa upande huu, na matajiri wa ufukweni wanaogelea. Nimelisema hilo na silifuti.

Mkwe wangu Baba Neema, Mrundi mpole, kazi yake kuogesha wazee wa watu, alikuwa na leseni na bunduki moja kuukuu ya enzi za vita, ya kuwindia sungura shambani kwa rafiki yake. Risasi zake ziliadimika madukani, basi akaanza kujifunza kuzijaza mwenyewe. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unatia fataki mpya, unapima baruti, unafunga kichwa cha risasi. Mzee mmoja wa klabu yao ya bunduki alimfundisha kwa simu.

Sasa, kwetu mama mkwe haingii alipo mkwe wake. Ukimwona njiani unapita majanini. Lakini korona ilitubana nyumba moja yenye choo kimoja, haya gani tena ingebaki? Nikafungua mlango.

Nikamkuta anamimina, na simu inalia. Siyo mwalimu, ni kaka yake wa Bujumbura. Akapokea, akacheka, akauliza habari za nyumbani. Alipokata akasita, akamimina, akafunga kichwa, akaitupia risasi ndani ya boksi pamoja na nyingine kumi.

"Baba Neema, hiyo uliyofunga sasa hivi, baruti uliitia baada ya simu?"

"Baada, Mama."

"Na kabla?"

Akakuna shingo. "Sidhani, Mama. Nakumbuka ni mara moja. Halafu hili siyo gobore la kwenu Kasulu, nina mizani ya umeme."

"Mizani inapima ulichoiwekea. Haikumbuki ulichokwisha kumimina. Fungua zote, hatujui ni ipi."

"Mama, ni kazi ya asubuhi nzima."

Ndipo nikamweleza habari ya baba yangu, nanyi nawaelezeni.

Baba alikwenda manamba, kukata mkonge Tanga, akarudi na shuka mbili na mkono wa kulia wenye vidole viwili. Kupiga gobore aliweza, kulijaza hakuweza. Kaka yangu alikuwa mdomo mtupu, anaongea hata na kuku, basi baba akanichagua mimi, mtoto wa miaka tisa. Shule niliishia darasa la pili. Mengine nimesomea kwenye mtutu.

Sheria yake ilikuwa moja: anayeshindilia haitikii. Na kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa anaitika papo hapo, goti chini. Fikirini wenyewe.

Jioni moja nguruwe pori walionekana karibu na mihogo. Nilikuwa nimekaa uani, gobore katikati ya magoti, naanza kumimina, baba mkubwa akatokea. Yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kulinda.

"We binti."

Kimya.

"We binti, masikio umeyaweka rehani?"

Kimya. Mara ya tatu hakuita, fimbo ilitua mgongoni. Nikalia, na katika kulia hesabu ikanitoka. Nikatazama kipimo mkononi, ni kitupu. Nimekimimina mara moja? Au nimekimimina, nikakijaza, nikakimimina tena? Baruti ya vipimo viwili kwenye mtutu mmoja, gobore halipigi nguruwe, linampiga aliyelishika.

Baba mkubwa akanyoosha mkono alichukue. Nikalikumbatia.

"Sitoi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, ingawa sijutii: "Afadhali guu langu kuliko uso wako."

Baba akatoka ndani. Akauliza swali moja tu. "Umetia ngapi?"

"Sijui, baba."

Akachukua kata ya maji akaimimina yote mtutuni. Na baruti ile tulitembea siku mbili kuipata. Baba mkubwa akatweta. "Unaharibu baruti kwa ajili ya kitoto kisicho na adabu?"

"Amesema hajui," baba akajibu.

Nguruwe wakala mihogo, wakala hata ile michanga. Tulikula majani mwezi mzima, na ukoo mzima ulijua ni kwa sababu yangu. Asubuhi baba alipokwangua mtutu ukatoka uji mweusi. Kipimo kimoja au viwili, nani angejua. Wapo ndugu waliokufa wakisema kilikuwa kimoja.

Baba Neema alinisikiliza kwa uso wa mtu anayetukanwa kwa heshima. Nikasimama mlangoni, nikamwambia sitoki. Akachukua koleo, akaanza kung'oa vichwa, kimoja kimoja, anamwaga baruti kwenye mizani. Zote kumi na moja zilikuwa sawasawa.

"Umeona, Mama? Nilikumbuka."

"Nimeona. Ulikumbuka, sasa unajua."

Hakunisemesha siku mbili. Sawa. Vidole vyake kumi vilikuwa vinakula ugali mbele yangu.

Kilichonichukua miaka mingi kukielewa siyo baruti. Ni kwamba baba hakuniambia nimpigie goti kaka yake. Utotoni nilidhani alisahau, kwa yale maji na vurugu ile. Hakusahau. Shamba tulilolima lilikuwa la baba mkubwa, naye alisimama pale uani akisubiri goti langu, baba anamwona, na hakulitoa. Msimu uliofuata tulinyang'anywa kipande cha mtoni, chenye udongo mweusi. Baba akahamia kulima mawe, wala sikuwahi kumsikia akilitaja goti lile.

Tangu hapo nimeitwa kwa ukali na wengi, maaskari wa kambi ya wakimbizi nilikoolewa, mume wangu, msimamizi wa kiwanda kule Villawood aliyekuwa akipiga miluzi kama anaita mbwa. Nikiwa na kazi mkononi siitiki. Wangoje.